Mji wa Karatasi Kumi na Mbili

Kuna watu wanaojenga nyumba, na kuna Khalfan, ambaye amejenga miji mingi hata hesabu imempotea na hajawahi kushika tofali. Miji yake ni ya karatasi. Ina kuta, malango, masoko, visima na makaburi, na hakuna hata mmoja uliopo duniani. Anaichora kwenye meza ya kulia chakula, ghorofa ya tisa, huko Scarborough, Toronto, nchini Canada, kisha inauzwa mtandaoni kwa watu asiowajua. Wao huichapisha makwao, wakaziunganisha karatasi kwa selotepu, wakautandaza mji mezani na kuanza mchezo wao.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni hivi. Watu wanne watano wanaizunguka meza. Mmoja ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: huyu mwizi, yule mchawi, yule askari aliyefukuzwa jeshini. Msimulizi anasema, mmefika kwenye lango la mji, mlinzi amelala, mnafanyaje? Kila mtu anasema anafanya nini, dadu linarushwa kuamua kama amefanikiwa, na mambo yanakwenda hivyo mpaka njaa iwakamate. Khalfan alipoelezwa mara ya kwanza alisema, "Kumbe ni hadithi, ila kila mtu anaruhusiwa kuingilia." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Kazi yake ya mshahara ni kuendesha basi la shule, yale ya njano. Asubuhi anawakusanya watoto, alasiri anawarudisha, na katikati yake kuna muda ambao madereva wenzake huumalizia kwenye kahawa na donati wakiisema serikali. Khalfan anarudi nyumbani, anavua viatu, anawasha kompyuta. Tanga alikuwa akiandika mabango ya maduka kwa brashi, kwa hiyo mkono anao. Programu ya kuchorea aliwekewa na mdogo wake hukohuko Tanga, kabla hawajahamia Toronto, na tangu siku hiyo hajagusa mpangilio wake hata mmoja. Yeye si mtu wa kuchokonoa kitu kinachofanya kazi.

Aliyemwingiza kwenye mambo haya ni binti yake, Kawthar. Alikuwa na miaka kumi na mitano, amejiinamia kwenye karatasi ya miraba, anachora mji kwa ajili ya mchezo wake na wenzake: ngome moja, nyumba tatu na baa. Khalfan alikuwa akipita na kikombe cha chai. Akasimama, akatazama, akashindwa kujizuia.

"Watu wa mji huu wanachota maji wapi?"

Kawthar akainua mabega. Baba mtu akavuta kiti, akaomba penseli, na chai ikapoa. Ile jioni waliongea kuhusu visima, takataka na mahali pa kuzikia wafu kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea tangu mtoto aanze sekondari.

Miji ya Khalfan unaijua ukiiona tu. Barabara zina nambari, kwa sababu yeye ni mtoto wa Ngamiani ya Tanga, Barabara ya Nane, na haoni faida ya kuihangaisha barabara kwa jina la joka wakati nambari zipo na hazidai kitu. Kila nyumba ina kibaraza. Baa hakuna. Mteja mmoja wa Marekani aliwahi kuandika kuuliza mashujaa wake wakutane wapi kama mji mzima hauna hata kilabu kimoja cha pombe. Khalfan akamjibu kupitia Kawthar kwamba kuna muuza kahawa pale kwenye kona ya msikiti, wakae pale. Yule bwana akaandika tena baada ya wiki kadhaa kusema wachezaji wake sasa wanamjua muuza kahawa kwa jina na hawataki kwenda kwingine. Khalfan aliisoma ile barua pepe mpaka mkewe akamwambia inatosha.

Upande wa duka la mtandaoni ulikuwa wa Kawthar. Alilifungua yeye, anaandika maelezo kwa Kiingereza, anapandisha mafaili, anajibu wateja. Baba akimaliza mji anamkabidhi faili, basi, mengine hayamhusu. Siku za mwanzo kulikuwa na walalamishi, wengi wao Wamarekani, waliosema karatasi zao haziungani, kuna vipande vinakosekana. Wajerumani na Waingereza walikuwa kimya. Khalfan akaamua kwamba Wamarekani hawajui kubandika selotepu. Baada ya miezi michache malalamiko yakakoma kabisa, naye akafurahi kwamba watu wale wamejifunza. Aliwasifia hata kwa madereva wenzake: Mmarekani ukimvumilia, anaelewa.

Lakini usidhani kwamba baba na binti walikuwa marafiki wa maongezi. Kawthar anakielewa Kiswahili chote, hata kile cha mama yake akiwa amekasirika, ila jibu lake linatoka kwa Kiingereza. Kiingereza cha Khalfan nacho kinatosha basi la shule: kaa chini, funga mkanda, umesahau begi. Cha kusema yaliyo moyoni hakijafika. Kwa hiyo baina yao kulikuwa na "Faili hili hapa," na "Thanks, Baba," na mlango wa chumba ukifungwa taratibu.

Na vijana walipokuja kucheza, Khalfan aliweka sahani ya bajia mezani, akajibu salamu zao, akaingia chumbani na kujikausha humo mpaka waondoke. Kwao mtu mzima hakai katikati ya vijana akawaharibia baraza. Anasalimia, anapita. Hiyo ndiyo heshima anayoijua. Kawthar yeye aliona baba yake anaukimbia mchezo kwa sababu unamchosha. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, na miaka minne ikapita hivyo.

Sasa Kawthar alikuwa anaondoka. Amepata chuo Saskatoon, mbali magharibi mwa Canada, na mwisho wa Agosti ndiyo safari. Khalfan aliutafuta mji huo kwenye ramani ya kweli na hakupenda hata kidogo kule ulikowekwa. Kilichomkosesha raha hasa, hata hivyo, haukuwa umbali. Alikuwa ameona kwa wenzake. Mtoto akishaondoka, simu anampigia mama. Wanaongea, wanacheka, wanasemana, halafu mwishoni kabisa baba anapewa simu: shikamoo, uko poa, haya mrudishie Mama. Khalfan aliogopa kuwa yule baba wa mwisho wa simu. Alitaka, kabla binti hajafunga sanduku, wakae meza moja kwa jambo moja, hata mara moja tu, na hakujua aanzie wapi.

Basi akafanya analolijua. Kiangazi mabasi ya shule yanalala, kwa hiyo muda alikuwa nao. Akachora mji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuichora, mji wa karatasi kumi na mbili, kwa ajili ya Jumamosi ya mwisho ya Kawthar na wenzake. Barabara kumi na sita, kuanzia ukuta wa bahari hadi lango la mashamba. Katikati kabisa, kwenye Barabara ya Nane, akaichora nyumba aliyozaliwa, na kibaraza chake, na mpapai wake uani. Kawthar akiuliza anafanya nini, anajibiwa, "Kazi ya mteja." Mama Kawthar, ambaye siri kwake haikai, alitishiwa mpaka akaapa.

Kwa vile ilikuwa zawadi, faili hili hakumkabidhi Kawthar. Alilibeba mwenyewe kwenye flashi mpaka duka la fotokopi pale plaza, pembeni ya bucha, akaagiza karatasi nzito. Mwenye duka akamuuliza: zitoke kwa ukubwa wake uleule, bila kupunguzwa? Khalfan akasema uleule, tena kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Bahasha alifungiwa, akaiweka juu ya kabati asiifungue, zisije zikashika alama za vidole.

Jumamosi wakaja wawili. Faraz, ambaye bibi yake ni mzaliwa wa Mwanza, ana Kiswahili cha kula na cha kugombezwa. Naheed amesoma na Kawthar tangu wadogo na maneno yake ni mawili, asante na bajia.

"Shikamoo, Anko," Faraz akasema.

"Marahaba." Halafu, badala ya kuingia chumbani, Khalfan akasimama pale na bahasha mkononi. "Kawthar, huu mji wako. Wa leo."

Akaanza kuzipanga karatasi yeye mwenyewe, maana kubandika selotepu ni kazi yenye heshima yake. Safu ya kwanza ikakaa vizuri. Alipoishusha safu ya pili akahisi kitu hakiko sawa. Akasogeza. Akasogeza tena. Nyumba zilikuwa zimekatwa mapaa, kisima kimebaki nusu, na Barabara ya Tatu ilipakana na ya Tano kana kwamba hawajawahi kumsikia mwenzao wa katikati. Safu ya tatu ikawa hivyohivyo, na ya nne. Kila safu zilipokutana palikosekana kipande cha upana wa kidole gumba. Ya Nne imeliwa, ya Kumi na Mbili imeliwa, na Barabara ya Nane, na nyumba, na kibaraza, na mpapai, vyote vimekwenda.

Angekuwa peke yake angezikunja zote na kuzitia kapuni.

Kawthar akainama, akapima pengo kwa kidole, akaigeuza karatasi moja na kuitazama kwa nyuma.

"Baba, this is A4."

"Ndiyo A4. Karatasi. Karatasi si A4?"

Kumbe si A4. Ndipo Khalfan alipojua, baada ya kuishi Canada miaka yote ile, kwamba karatasi ya huku na ya Marekani ni nyingine. Inaitwa Letter, ni pana kidogo na fupi zaidi. Ukichapisha mji wa A4 humo bila kuupunguza, juu na chini vinakatwa. Tanga karatasi ni A4, shule A4, ofisi A4, cheti cha ndoa A4, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kuna mtu angeamua vingine.

Faraz akajikuna kichwa. "Lakini ramani zake nyingine zinaungana," alisema kwa Kiingereza. "Mimi nimechapisha karibu zote."

Kawthar alilichezea dadu lake, akaliweka chini.

"I fix them," akasema.

"Zipi?" Khalfan akauliza.

"All of them, Baba."

Yaliyofuata aliyasema harakaharaka kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mfukoni. Tangu malalamiko ya kwanza, kila faili alilokabidhiwa alilifungua usiku huohuo, akakata upya, akasogeza nyumba zilizoangukia kwenye maungio, akatengeneza nakala mbili, moja ya A4 kwa Wajerumani na Waingereza, moja ya Letter kwa Wamarekani. Miji yote. Barabara kwa barabara.

"Mbona hukuniambia?"

Kawthar akamtazama, akaanza kucheka, na machoni palikuwa pameloa. Alijibu kwa Kiingereza kwamba baba yake alikuwa amefurahi mno na Wamarekani wake.

Khalfan aliketi kwenye mkono wa kochi. Miaka minne alidhani anachora peke yake mezani, kumbe kuna mtu alikuwa akipita nyuma yake kila barabara, anaingia kila uchochoro, anahakikisha hakuna nyumba iliyopotea. Alikuwa amesononeka kwa kukosa kitu ambacho alikuwa nacho muda wote. Furaha ilimjaa mpaka akakosa pa kuiweka, akasimama kwenda jikoni kuangalia bajia ambazo zilikuwa tayari ziko mezani.

Aliporudi, Kawthar alikuwa amekata karatasi nyeupe vipande vyembamba, amevilaza kwenye mapengo. Mji ulikuwa umefunguka, una nafasi tatu tupu.

"Kuna nini hapo?" Naheed akauliza kwa Kiingereza, akigusa pengo la katikati.

"Ask him," Kawthar akasema, na kumpa baba yake penseli.

Khalfan akachora Barabara ya Nane kwa mkono. Nyumba hii ya muuza mafuta ya taa. Hii ya fundi saa, mkali, msimsogelee kabla hajanywa chai. Hii ya Bi Daulat, anayejua kila linalotokea mjini bila kutoka nje. Hii ya kwao. Alieleza kwa Kiswahili, Kawthar akatafsiri, na vijana wakawa wameinama mezani kama watu wanaotafuta sindano. Naheed akasema kama huyo Bi Daulat anajua kila kitu, basi atajua alikofichwa mfalme waliyekuwa wakimtafuta tangu majira ya baridi. Waende kwake.

Kawthar akainuka kutoka kwenye kiti cha msimulizi. Kikawa kitupu.

"Keti, Baba. Mimi sijawahi kucheza. Kila siku nasimulia tu." Hayo aliyasema nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza, na Khalfan akatazama mlango wa chumbani, akatazama kiti. Moyo akaupiga konde, akaketi kwenye ncha yake kama kiti chenyewe kina moto.

"Haya. Mko mlangoni kwa Bi Daulat," akasema. "Mnafanyaje?"

Askari wa Faraz alikuwa na tabia yake. "Naupiga mlango teke," akasema, na kuchukua dadu.

Khalfan akamzuia mkono. "Una wazimu? Mlango wa mtu haupigwi teke. Bisha hodi."

Faraz akacheka. Alipoona mzee hacheki, akaweka dadu chini. "Hodi," akasema. Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi?"

"Umebisha mara tatu hukuitikiwa. Ondoka, kakae kibarazani."

Askari aliyeua majoka mawili akaenda kukaa kibarazani. Mchawi wa Naheed akajaribu, hodi yake ikatoka imepinda lakini ikafika, na kutoka ndani sauti ya bibi kizee, ambayo Khalfan mwenyewe hakujua anayo, ikauliza, "Nani?"

"Ni mimi," Kawthar akamnong'oneza Naheed, na Naheed akarudia, "Ni mimi."

"Mimi ndiyo jina lako? Kakae na mwenzako."

Ikabaki zamu ya Kawthar. Mtu wake alikuwa mwizi mwenye masikio yenye ncha, asiye na baba wala mama, maana wezi wa michezo hii karibu wote ni mayatima.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Kawthar." Alisahau kutaja jina la mwizi.

"Kawthar nani? Wewe mtoto wa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo vibibi wa Ngamiani humuuliza mtoto yeyote kabla ya kumfungulia, na Khalfan alilitoa bila kufikiri. Kawthar akalitazama dadu. Akaitazama ile barabara ya penseli. Kisha akamtazama baba yake, na jibu likatoka kwa Kiswahili, kile cha kwake cha Scarborough, kinachokanyaga maneno kwa uangalifu.

"Wa Khalfan. Wa Barabara ya Nane."

Faraz akaacha kutafuna. Bi Daulat alitakiwa aseme kitu, lakini sauti yake haikupatikana, ikabidi Khalfan atumie ya kwake.

"Karibu ndani, mwanangu."

Mama Kawthar aliporudi kutoka kazini, huko anakohudumia wazee, alikuta sahani tupu, vijana wamekaa mkao wa adabu, na mumewe anambana fundi saa kwa sauti nyembamba ya kike. Alibaki mlangoni na mkoba begani. Hakuna aliyemkaribisha mpaka alipobisha hodi.

Kawthar aliondoka na ule mji umeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, pamoja na vipande vyake vya penseli. Siku moja kabla ya safari alimkalisha baba yake mbele ya kompyuta, akamwonyesha mahali pa kubadilisha A4 kuwa Letter, akamfanyisha mwenyewe mpaka akaridhika. Si kazi ngumu. Khalfan sasa anaweza kuifanya huku amefumba macho, na mkewe amemwona akiifanya.

Septemba mabasi yakaamka. Katikati ya siku moja, baada ya kuvua viatu, alimaliza mji mpya, mdogo, wa karatasi sita, akautuma Saskatoon. Hakuwa hata amenawa mikono wakati simu ilipolia, ya kwake, si ya mkewe.

"Shikamoo, Baba. Umesahau," Kawthar alisema. "Hii ni A4 tena."

Mama Kawthar, ambaye siku hiyo alikuwa zamu ya jioni, aligeuka kutoka kwenye sinki akamtazama mumewe. Khalfan akampa mgongo.

"Ala, kweli?" akasema, akavuta kiti na kuketi vizuri. "Hebu nieleze tena. Taratibu."